Kanga Isiyosema Kitu

Hapo zamani, ila si zamani sana, kwa maana kodi ilikwisha kubuniwa na mihuri ilikuwako, palikuwa na mji uitwao Ndarani. Upande wa mashariki walikaa Watunzaji, waliotaka kila kitu kibaki kilivyokuwa. Upande wa magharibi walikaa Wageuzi, waliotaka kila kitu kiwe vingine. Hawakupata kukubaliana juu ya jambo lolote, hata choo cha soko kielekee wapi, ndiyo maana soko halikuwa na choo.

Katikati yao, sokoni, alikaa Kidawa, muuza kanga. Kidawa alikuwa mjane, na kibanda ndicho kilichomlisha. Sharti la soko lilikuwa kwamba kibanda kikifungwa mwezi mzima, anapewa mwingine. Na hao wengine walipita kila asubuhi kumwuliza, kwa upole kabisa, kama hajisikii homa.

Siku moja lori la kiwandani likamshushia mzigo. Kidawa akafungua doti ya kwanza. Pindo zuri, mji wa katikati mzuri, nyekundu na nyeusi, korosho kila pembe. Lakini pale chini panapokaa jina, yaani msemo wa kanga, hapakuwa na jina. Akafungua ya pili, kimya. Akafungua mzigo wote, kimya.

"Mashine ya maandishi imekufa," dereva akamwambia. "Bosi kasema uuze hivyo hivyo."

"Kanga haina jina, nitamwuzia nani?"

"Mama, mimi ni dereva."

Akaja mteja wa kwanza, akaigeuza, akauliza, "Hii inasemaje?"

Kidawa angesema mashine imekufa, mteja angekwenda zake. Akajikohoza, akasema, "Unayemvalia atajua."

Yule mwanamke akamfikiria anayemvalia. Akacheka, akanunua mbili.

Kufika adhuhuri nusu ya mzigo ilikwisha. Jirani akamvalia jirani, na jirani akajua. Mke mkubwa akamvalia mke mdogo, na mke mdogo akajua zaidi ya hapo. Ilikuwa kanga ya kwanza Ndarani kumtukana kila mtu kwa wakati mmoja.

Sasa, mkubwa wa Watunzaji alikuwa Bwana Makungu. Mke wa mwanawe akapita mbele yake kajifunga kanga ile. Bwana Makungu akapatazama pale patupu mpaka chai ikapoa.

"Mtu hafuti neno zuri," akasema. "Lililofutwa hapa ni lile lisilotamkika."

Akaenda sokoni. "Kidawa, hapa palikuwa na neno gani?"

Kidawa alikuwa na wateja sita mbele yake. "Mzee wangu, mtu mzima wewe, nikuambie nini?"

Bwana Makungu akaona haya, kwa sababu alikwisha kufikiria maneno matatu. Watunzaji wakaunda kamati ya kuorodhesha yote ambayo huenda hayakuandikwa. Kamati ikafanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida, na orodha ikawa chafu hata ikabidi yenyewe ipigwe marufuku.

Mkubwa wa Wageuzi alikuwa Bi. Zuwena, mwalimu. Yeye akaiona kanga ile akashika kifua. "Wanawake wa mji huu wana mahali pamoja tu pa kusema wasikatizwe," akasema, "napo ni mgongoni. Leo wamenyang'anywa."

Akaenda sokoni. "Kidawa, dada yangu, nani kawafunga midomo? Usiogope."

Wateja sasa walikuwa kumi. "Dada, mimi hata nafasi ya kusema sina."

Bi. Zuwena akatokwa na machozi, akanunua doti nne za ushahidi. Wageuzi wakaamua kunyamaza siku nzima kwa kupinga kunyamazishwa. Jioni wakagombana juu ya nani alinyamaza vizuri zaidi.

Hapo ndipo alipoamka Bwana Mtulia, Afisa Maadili wa mji. Tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwuliza lolote, na leo pande zote mbili zimefika ofisini, zote zinasema kanga ni hatari. Bwana Mtulia akaagiza kila kanga iletwe, itazamwe, igongwe muhuri. Na kwa kuwa kanuni ilisema muhuri ugongwe palipo wazi, ukagongwa palipo wazi.

Kesho yake wanawake wa Ndarani wakapita barabarani, na makalioni pameandikwa kwa herufi za serikali: IMEKAGULIWA.

Waume wakataka kujua imekaguliwa na nani, lini, na kwa idhini ya nani.

Basi mji ukapasuka. Watunzaji wakatoka mashariki wakiimba "Kanga ishuke." Wageuzi wakatoka magharibi wakiimba "Kanga ishuke." Wakakutana sokoni, wakasikia wanaimba kitu kimoja, wakaaibika sana.

"Mmetuibia wimbo," akasema Bwana Makungu.

"Wimbo huu tuliuanza sisi," akasema Bi. Zuwena.

Watunzaji wakaukamata mzigo wa Kidawa wauchome. Wageuzi wakaukamata waupeleke makumbusho. Mzigo ulikuwa umefungwa juu kwenye nguzo. Hawa wakavuta huku, hawa wakavuta kule, na nguzo ile ndiyo iliyobeba paa la soko lote. Paa likashuka. Kanga zikabaki juu, zimening'inia kwenye kipande cha nguzo. Hakufa mtu, lakini kesho yake masika yakaanza, na mchele wa mji mzima ukalowa.

Wanne wakafikishwa kwa hakimu: Kidawa, Bwana Makungu, Bi. Zuwena na Bwana Mtulia. Adhabu ya kuangusha mali ya umma ni miezi miwili. Lakini gereza la Ndarani lilikuwa na kitanda kimoja, na kanuni ilikataza wawili kulala kitanda kimoja, kwa sababu za kimaadili. Kanuni ilitungwa na Bwana Mtulia.

"Mmoja tu, basi," akasema hakimu. "Semeni."

"Mheshimiwa, mimi niliamini nililosema," akasema Bwana Makungu. "Nikiona moshi nisiseme, nitakuwa baba wa namna gani?"

"Mimi pia niliamini," akasema Bi. Zuwena. "Na sikutoka kwa ajili yangu. Nilitoka kwa ajili ya huyu Kidawa."

"Ukanivunjia kibanda," akasema Kidawa.

"Kwa ajili yako, dada."

Bwana Mtulia akasimama. "Mimi sikuamini chochote, Mheshimiwa. Niligonga muhuri tu. Nisingegonga, ningeulizwa kwa nini sikugonga."

Hakimu akamgeukia Kidawa. "Na wewe. Kiwanda kimeniandikia kwamba ni mashine tu iliyokufa. Ulijua?"

Kidawa akatazama dirishani. Nje, mvuani, wale wa kumwuliza homa walikuwa wanapima kiwanja chake kwa kamba. Miezi miwili gerezani, na pale pana mtu mwingine.

"Nilijua, Mheshimiwa."

Mahakama ikaguna.

"Nilijua peke yangu. Ningesema siku ya kwanza, paa lingekuwa juu. Lakini siku ya kwanza ningelala njaa. Na hawa, mmoja aliuliza neno ni lipi, wa pili nani kalizuia, wa tatu akagonga muhuri tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama lipo."

"Ungewaambia halipo, wangekuamini?"

"Bwana Makungu angesema ninaficha. Bi. Zuwena angesema nimetishwa. Bwana Mtulia angetaka nithibitishe kwa maandishi."

Watatu wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa.

Hakimu akachovya kalamu. Akaiinua, akaishusha, akaiinua tena, wino ukakauka, na mpaka nasimulia hivi hajaandika jina.

Sasa enyi mliokaa hapa mkicheka, mwandikieni. Yupo aliyejua akanyamaza ili ale. Wapo wawili waliopigia kelele wasilolijua, kwa moyo safi. Yupo asiyejua wala kuamini, akagonga muhuri. Kitanda ni kimoja. Je, nani alistahili kukilalia?