Kiboko Ataka Rafu ya Kwanza

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa maktaba ya wanyama, rafu kumi na mbili!

Mkutubi wake alikuwa Bi Digidigi, mwili mdogo, macho makubwa. Majarida mengi mle yalikuwa ya wazee waliokwisha kufa, hayaongezeki tena. Yaliyokua yalikuwa mawili tu: la Nyuki, lililoeleza maua yamechanua wapi, na la Kiboko, lililomsifu Kiboko. Kila moja Bi Digidigi aliliachia pengo la kukulia.

Siku moja Kiboko akaingia, ndi! ndi! ndi!

"Mapengo haya ya nini?"

"Ya matoleo yajayo, Bwana Mkubwa."

"Yote yangu! Mimi natoa kila wiki."

"Na la Nyuki?"

"Lilale nje."

Nje mvua inanyesha. Bi Digidigi aliumia moyo, maana bila jarida lile nyuki wote wangekufa njaa. Lakini akacheka, hi hi hi!

"Bwana Mkubwa upachikwe mapengoni kama kiraka? Aibu! Wewe kaa rafu ya kwanza, mlangoni. Marehemu wakufuate, wabanane bila pengo. Nyuki tumtupe kule mwisho, ukutani, kwenye buibui."

"Maneno hayo!"

"Ila sheria unaijua: mleta toleo ndiye apangaye rafu."

"Vijitabu vitanishinda mimi?" Bi Digidigi akatoa karatasi ya makubaliano, Kiboko akaweka dole gumba.

Wiki ya kwanza Kiboko akaleta toleo. Halichomeki! Akasukuma rafu ya kwanza, jarida la mwisho likaanguka, pwa! Akalipeleka ya pili, la mwisho la huko likaanguka, pwa! Akasukuma, likaanguka, akasukuma, likaanguka, hadi ya kumi na mbili. Jasho chururu.

Nyuki akaja na lake. Akalichomeka mwisho, penye nafasi, chap! Akaenda zake.

Wiki ya pili Kiboko akasukuma, pwa! Wiki ya tatu, pwa! Ya nne mgongo ukalia, kwa!

"Bi Digidigi, mama yangu, nipeleke mwisho!"

"Kwenye buibui? Mtu mkubwa? Haiwezekani, dole gumba lako hili hapa."

Siku hizi Jarida la Kiboko hutoka mara moja kwa mwaka, ukurasa mmoja tu: "Anatafutwa mtu wa kusogeza rafu."

Hadithi imefika ukutani, haisogei tena. Funzo lake, wanangu: mkubwa atangulie daima, na pengo ni uvivu wa mkutubi. Asiyekubali, Kiboko bado anatafuta mtu.