Samaki Kwenye Mlango wa Ngazi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali kiasi cha kunibishia, palikuwa na bibi mmoja akiitwa Bi Mize. Kaeni vizuri. Nimechoka leo, sitarudia mara mbili.

Bi Mize alikaa peke yake ghorofani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa amepofuka macho, akabaki kuona kwa mkono. Ukumbini kwake palikuwa na milango mitatu, ukuta mmoja: wa chumbani, wa jikoni, na wa ngazi ya kushukia chini. Ngazi yenyewe, jamani, ya mawe, imesimama wima. Kila asubuhi akipapasa ukuta moyo unamdunda: huu ni mlango upi?

Basi akawaita mafundi watatu wa karakana moja, Vuai, Pandu na Mcha. Akawaambia, "Wanangu, nizungushieni milango yangu mbao za urembo. Lakini si urembo wa kutazama, mimi sitazami. Chumbani nichongeeni maua, jikoni samaki, ngazini mnyororo. Nikigusa mnyororo, nisimame. Mimi mzee, nasahau. Nataka ukuta unikumbushe."

"Inshallah, bibi," wakasema.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na kila mwenye nyumba anataka nyumba yake ipambwe kabla ya Idi. Watatu hao kazi ziliwafika shingoni.

Vuai ndiye mpimaji. Alikuwa amechoka, mwanawe ana homa siku ya tatu. Akapima mlango wa jikoni, akapima wa ngazi, akaandika kwenye karatasi. Mlango wa ngazi ndio mrefu. Yeye akaandika wa jikoni ndio mrefu. Hakujua. Akakunja karatasi, akampa mwenzake, akaenda zake.

Pandu ndiye mchongaji. Alikuwa amechoka, vidole vimevimba kwa patasi. Akasoma karatasi, mkono ukasita. Ukumbi ule aliupita juzi tu, na mlango wa jikoni aliuinamia kidogo. "Eti wa jikoni ndio mrefu?" akajiuliza. Kisha akasema moyoni, kupima si kazi yangu, mwenye futi kamba ni Vuai. Akachonga samaki kwenye mbao ndefu, mnyororo kwenye mbao fupi. Na alichonga, wallahi! Magamba ya wale samaki unayahesabu kwa kidole.

Mcha ndiye mpachikaji. Alikuwa amechoka kuliko wote. Kesho Idi, na nyumba nne bado zinamngoja. Maua ya chumbani yakakaa. Akaweka mnyororo kwenye mlango wa ngazi: umepungua shibiri nzima. Akaweka samaki jikoni: wamezidi shibiri nzima. Na mbao zimekwisha. Akasimama na nyundo mkononi, karibu alie. Mwisho akabadilisha: samaki ngazini, mnyororo jikoni. Kona zikabana, hata wembe haupenyi.

Akamwita Bi Mize, akamshika mkono, akampapasisha. "Bibi, sikia vizuri. Imegeuka. Samaki ndio ngazi, mnyororo ndio jikoni. Baada ya sikukuu tutakuja kurekebisha."

"Haya mwanangu, nimesikia," akasema Bi Mize.

Asubuhi ya Idi akaamka na furaha yake, akataka kuchemsha chai kabla wageni hawajafika. Akapapasa ukuta. Akagusa maua, akapita. Akagusa samaki. "Jikoni," akasema. Akafungua, akatia mguu.

Msiniulize alivyoanguka. Hakufa. Lakini nyonga ilivunjika, na hakusimama tena.

Mafundi wakaja, kila mmoja keshawaeleza wenzake alivyofanya, wakaketi chini mbele ya kitanda chake. Vuai akaanza, macho mekundu. "Kosa limeanzia kwangu, sikatai. Lakini mimi sikujua. Pandu alijua, akanyamaza. Mcha alijua, akapigilia misumari."

Pandu akaruka. "Mimi nilishuku tu! Nilichonga nilichoandikiwa. Samaki wangu hawakwenda ngazini kwa miguu yao, Mcha ndiye kawapeleka. Angeiacha milango mitupu, bibi angekwenda kwa woga wake wa siku zote, asingeanguka."

Mcha akawageukia wenzake. "Katika watatu sisi, nani alifungua kinywa? Nilimwambia, nikamshikisha, akaitika. Leo aliyesema ndiye mbaya?"

"Uliniambia, Mcha," akasema Bi Mize, "na mimi nikasahau. Si niliwaambia kuwa nasahau?"

Akajitanda kanga yake vizuri, akaendelea.

"Basi sikilizeni. Sitaki kesi, kesi inachosha. Wa kuniogesha ninaye, jirani yangu. Nataka wa kunibeba. Anishushe asubuhi nikaote jua uani, anipandishe jioni, mpaka Mungu atakaponichukua. Aje na godoro lake, na karakana aiage."

"Tutapokezana, bibi," wakasema wote kwa pamoja.

"Hapana! Kupokezana ndiko kulikoniangusha. Huyu kamwachia yule, yule kamwachia huyu. Nataka mmoja."

Wakatazamana. Vuai akamtazama Pandu, Pandu akamtazama Mcha, Mcha akamtazama Vuai. Hakunyanyuka mtu.

Mimi nimeugeuza mkasa huu mpaka kichwa kinaniuma. Nikimwonea huruma Mcha, namkumbuka bibi kule chini ya ngazi. Nikimkasirikia Pandu, najiuliza mimi mwenyewe nimenyamaza mara ngapi. Na Vuai, ala, mtu mwenye mtoto mgonjwa utamwambia nini?

Nyie mnaochekacheka huko nyuma, semeni basi. Jua limeshafika uani. Bi Mize ameketi kitandani, kanga kajitanda, anasikiliza kama kuna hatua za mtu. Je, katika watatu hao, nani anapaswa kwenda kuchukua godoro lake?