Nyumba Isiyo na Kufuli

Mtu mmoja alikuwa na kalamu nzuri na mdogo wake mmoja. Mwenyewe aliitwa Shemhilu, mdogo wake Kihiyo. Kalamu ilimpatia jina. Raha ya kurudi nyumbani aliipata kwa mdogo wake. Siku moja Kihiyo akasimama sokoni akauliza kwa nini Mtawala ameizungushia ukuta wake chemchemi ya watu wote. Kuuliza tu, jamani. Akachukuliwa hapo hapo, fungu la mchicha likiwa bado mkononi.

Mwaka ukapita. Kila adhuhuri mama yao alipakua chakula cha Kihiyo, akakifunika kawa, kisha akatoka uani akapiga mluzi wa kwao: mfupi, mfupi, mrefu. Katika milima ile kila ukoo una mluzi wake wa kuitana ng'ambo ya bonde, na mwana ukoo akiusikia hana ruhusa ya kunyamaza. Hata akiwa na tonge mdomoni, hulitema akajibu. Mama alisikiliza, bonde likanyamaza, akarudi ndani. Naye Shemhilu alimkumbuka mdogo wake hata akawa anateka maji ya kuoga ya watu wawili, ndipo anakumbuka yuko peke yake.

Ikatokea jarida kubwa la mjini likamtaka aandike habari za mke wa Mtawala na wanawe. Akakubali. Mkono mtupu haulambwi, alijisemea. Nitampamba kwanza, halafu nitamwomba anirudishie mtu wangu. Akaenda. Na yule mama, haki ya Mungu, alikuwa mpole. Alimmiminia chai kwa mkono wake, akamwonyesha mawaridi yake. Wanawe walikuwa wakiwalisha njiwa, na milango ya mbele yote iko wazi. Hapa kwetu hatujui kufuli, alisema mama yule, na Shemhilu akaandika.

Ndipo kutoka nyuma ya banda la njiwa, chini chini, ukaja mluzi. Mfupi, mfupi, mrefu.

Midomo yake ikajikunja yenyewe ili ijibu. Akalitazama daftari, akakitazama kikombe, akanywa chai. Si sasa, alijiambia, nisije nikaharibu. Mluzi ukaja mara ya pili, halafu haukuja tena. Alipoaga, alishukuru kwa chai.

Makala ikatoka, na kichwa chake kilikuwa Nyumba Isiyo na Kufuli. Loo, watu waliipenda! Katika nchi ile watu hubandika kurasa za majarida ukutani kwa uji wa muhogo ili kuzuia upepo, na mwezi ule hukuingia nyumba usikute mawaridi ya mke wa Mtawala. Shemhilu akaona sasa wakati wake umefika. Akarudi kwa yule mama, akapiga magoti, akamtaja Kihiyo kwa jina. Mke wa Mtawala hakukasirika hata kidogo. Alimtazama kwa upole ule ule wa siku ya chai.

“Mwandishi wangu, si wewe uliyewaambia watu wote kwamba nyumba hii haina kufuli? Basi huyo ndugu yako atakuwa amefungwa wapi?”

Akarudi kwao. Mama yake, ambaye hakujua kusoma, alikwisha kuubandika ukurasa ule juu ya kitanda cha Kihiyo, kwa kuwa umeandikwa na mwanawe. Akampangusia kigoda, akamwomba amsomee polepole, asiruke pale alipotajwa Kihiyo. Maana alijua, mtoto wake hawezi kuingia nyumba ile akamsahau mdogo wake. Shemhilu akasoma mawaridi. Akasoma njiwa. Akafika mwisho. Mama akamwomba aanze tena, huenda amepapita bila kupaona. Chakula cha Kihiyo kilikuwa pale mkekani, chini ya kawa, bado cha moto.

Mtu aliyeitwa na ndugu yake akanywa chai, siku atakapomwita ndugu huyo atatumia mdomo upi?