Siku Mwanahawa Alipomwita Mkwewe kwa Jina

Aitaye wote hajaita mtu.

Mmeisikia leo kwenye mafunzo yenu ya huduma ya kwanza, mkadhani imetoka vitabuni. Haikutoka vitabuni. Imetoka hapa hapa Mkwajuni, uani kwa Mbwana Kaniki, na mimi nilikuwepo, namenya vitunguu. Kaeni basi. Chai ipo jikoni, ileteni jamani, niwaeleze ilivyozaliwa.

Huyu Mwanahawa anayewafundisha kufunga bendeji alikuwa bado mgeni mtaani, ndiyo kwanza ameolewa na Kombo, mtoto wa Mzee Shekidele. Zahanati ikatafuta watu wa kujitolea, mmoja kila mtaa, wa kumshika mgonjwa mpaka afikishwe kwa daktari. Mshahara hakuna. Unapewa mkoba, glovu na fulana. Mtaa mzima ulitazama chini. Mwanahawa akanyoosha mkono.

Alisemwa, wacha tu. Bi Pili, jirani yangu, alisema, “Mke wa mtu, damu za watu! Kwa mkwewe vyombo vimekwisha kuoshwa?” Tukacheka, maana Bi Pili akisema lazima ucheke.

Na mkwe mwenyewe ndiye aliyemruhusu. Ila heshima baina yao ilikuwa ile yetu ya zamani. Mkaza mwana hapiti mbele ya mkwewe bila kujitanda, na jina lake halitamki hata likiwa la mtu mwingine. Mzee Shekidele jina lake ni Athumani. Sasa, muuza maziwa wetu naye alikuwa Athumani. Mwanahawa alimwita “wewe wa maziwa.”

Ikafika harusi ya binti wa Mbwana. Nyumba ilifurika: jikoni sisi, uani wachinjaji, barazani wazee na kahawa yao. Mbwana alikataa kukaa na wazee. “Nyama ya harusi ya mwanangu nitaikata mwenyewe,” akasema. Kisu kilikuwa kimenolewa asubuhi ile, mkono una mafuta, ukateleza. Kisu kikazama pajani, na damu ikaruka kama bomba lililopasuka.

Kabla hatujamaliza yowe, Mwanahawa alikuwa keshapiga magoti. Akavaa glovu, akakunja kitambaa, akakandamiza jeraha kwa uzito wake wote. Damu ikapungua, lakini alipolegeza kidogo tu, ikafoka upya. Kwa hiyo hakuweza kubanduka pale hata kidogo. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu, likawa safarini mbali. Bajaji hazipandi kilima chetu wakati wa matope. Gari lilikuwa moja, pikapu ya Mzee Shekidele iliyoleta viti, na mzee mwenyewe yuko barazani.

“Jamani, gari!” Mwanahawa akaita. “Tafuteni gari, jamani!”

Nasi tukapokea: “Gari! Gari jamani!” Sauti ikatoka uani ikafika barazani. Vijana wakakimbia huku na huku, na kila aliyekimbia akarudi na wenzake wawili wa kuja kutazama. Wazee wakasimama. “Gari limefuatwa?” “Vijana wamekwenda.” Wakaketi.

Mbwana midomo ilikuwa imepauka. “Mwanangu, nasikia baridi,” alimwambia Mwanahawa. “Mwiteni shehe nimwozeshe binti yangu hapa hapa. Nisife sijamwozesha.”

“Hufi, baba. Tulia,” akamjibu. Kisha akatugeukia sisi. “Mwambieni baba mkwe alete pikapu!”

“Mwambieni!” tukaambizana.

“Si umesikia? Nenda!”

“Mimi? Na kanga hii moja nipite mbele ya wanaume?”

“Atakuwa keshaambiwa bwana.”

Mwanahawa akainua kichwa. Kupitia mlango wa ua aliiona pikapu, na viti vyake bado juu. Akaufungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Mbwana, ambaye macho yake yalianza kuelea. Ndipo akapaza sauti ambayo hatukujua kama anayo.

“Athumani Shekidele! Wewe! Washa gari ulilete mlangoni, sasa hivi!”

Bi Pili akajiziba mdomo. Lakini barazani kikombe kilianguka, na mzee wa watu akatoka mbio miguu mitupu, kanzu ameikunja mkononi. Na Mwanahawa, kwa kuwa alikwishaanza, hakuachia hapo.

“Kombo, shusha viti! Bi Pili, mkeka! Salehe, njoo uinue mguu huu, usiushushe!”

Kila aliyetajwa alikwenda, hata Salehe, mmoja wa wale wachinjaji. Bi Pili, na mwili ule, sijapata kumwona akikimbia vile. Mbwana akalazwa kwenye pikapu, Mwanahawa juu yake bado amekandamiza, wakashuka kilima.

Hospitalini daktari alisema wangechelewa zaidi kidogo, isingekuwa harusi tena. Jioni ile Mbwana alimwozesha binti yake kitandani, mguu umefungwa, shehe ameketi kwenye kiti cha plastiki.

Sasa mtaani huku maneno. “Kamwita mkwewe kwa jina! Na ‘wewe’ juu yake!” Mwanahawa aliporudi hakula. Alijitanda, akaenda barazani, akapiga magoti mbele ya mzee na watu wote wanatazama.

“Baba, nisamehe. Nimekuvunjia heshima.”

Mzee akakohoa kidogo. “Ulipoita mara ya kwanza nilisikia. Kila mtu alisikia. Nikadhani vijana wamekwenda, na vijana wakadhani nimekwenda mimi. Ningekuwa bado nanywa kahawa, mwenzangu anakata roho nyuma ya ukuta. Aitaye wote hajaita mtu. Wewe ulimwita mtu, akaja. Inuka ukale, mwanangu.”

Bi Pili ndiye aliyeyasambaza maneno yale, na Bi Pili akishika neno, kufika jioni liko mpaka sokoni. Mwanahawa jina lile hajalitamka tena, na muuza maziwa bado ni “wewe wa maziwa.”

Haya, nina kiu. Mnaona? Tangu mwanzo nimesema chai iko jikoni, ileteni jamani. Mmeitikia wote, na birika bado liko jikoni. Wewe, Mwanaasha, unayecheka hapo. Nyanyuka ukalete chai.

Eee. Mmemwona alivyoruka? Aitaye wote hajaita mtu.