Vizibo Vyenye Uzi

Watu wengi huichukulia methali ya mgeni na mwenyeji kwa faida ya tumbo. Mgeni akibisha hodi, jogoo hukimbizwa uani, wali huinjikwa, na watoto wa nyumba hiyo waliozoea ugali na dagaa hulamba vidole mpaka jioni. Wenyeji huambiana kwa kicheko kwamba leo wamepona. Lakini wapo wageni wasiochinjiwa hata kifaranga, wageni wanaopokelewa kwa jicho la pembeni, na bado wakawaponya waliowapokea. Shamsa binti Bilali alikuwa mgeni wa namna hiyo. Mwenyeji wake aliitwa Paskazia.

Paskazia alikuwa msimamizi wa ukumbi wa minofu katika kiwanda kimoja cha kuchakata sangara, ufukweni mwa ziwa, jijini Mwanza. Aliingia hapo akiwa kibarua wa kupara magamba, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na nne. Ukumbi ule ulikuwa na baridi ya kugandisha vidole na kelele za kupasua kichwa. Msumeno wa kukatia vichwa vya samaki ulilia kama mbuzi aliyenaswa, mashine ya kuchuna ngozi ilinguruma kutwa, na makreti yaliburutwa sakafuni bila huruma. Humo ndani mtu angeweza kutukanwa usoni akadhani anasalimiwa.

Zamani wafanyakazi walikuwa wakivaa vizibo vya masikio, vile vidogo vya sponji vya rangi ya manjano. Kisha siku moja kizibo kimoja kikakutwa ndani ya katoni ya minofu iliyokuwa tayari kusafirishwa kwa mnunuzi wa ng'ambo. Mzigo wote wa siku ile ulifunguliwa upya, katoni moja moja, watu roho zikiwa mkononi. Meneja wa kiwanda, Bwana Suhaib, akapiga marufuku: kuanzia hapo asionekane mtu na kitu chochote sikioni, na atakayekaidi atafute kazi kwingine. Marufuku hiyo ilikuwa na umri wa miaka sita.

Katika miaka hiyo sita, Paskazia alipoteza kitu ambacho hakumwambia mtu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa ganzi, na la kulia lilikuwa na mlio usiokoma, kama nyenje aliyejenga humo. Alikuwa amejifunza kusimama upande wa kushoto wa watu ili wamfikie kwa sikio la kulia. Alikuwa amejifunza kutikisa kichwa na kuitikia "ndiyo, ndiyo" hata kwa maneno yasiyomfikia. Kazini midomo ya wenzake ilifichwa na barakoa, hivyo hakuwa na hata midomo ya kusoma. Nyumbani kwake Mkolani, binti yake Precious alikuwa amechoka kurudia kila sentensi mara tatu, akawa anamweleza tu ya lazima. Jambo hilo lilimuuma Paskazia kuliko yote, lakini alijikaza kisabuni. Msimamizi asiyesikia, alijiuliza, atasimamia nini?

Shamsa alikuja wakati wa masika, akiwa kibarua wa miezi mitatu kutoka Sengerema. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye macho yanayotazama kila kitu. Kwa kuwa meneja mwenyewe ndiye aliyemwingiza ukumbini siku ya kwanza, minong'ono ilianza palepale. "Huyo ni ndugu yake," walisema. "Ameletwa kutuchunguza." Paskazia naye akaamini. Akampanga meza ya tatu, jirani kabisa na mashine ya kuchuna ngozi, mahali ambapo wageni wengi walikimbia kabla wiki haijaisha. Shamsa hakulalamika.

Wiki ya pili, kwenye karo la kunawia mikono, Paskazia aliona kitu cheupe chini ya kofia ya wavu ya yule binti. Ilikuwa pamba. Alikuwa ameisokota na kuijaza masikioni.

"Itoe," Paskazia alisema. "Unifuate ofisini."

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja. Paskazia aliketi, akavuta fomu ya makosa, akaanza kuandika. Hakuona raha, lakini pia hakuona huruma. Kanuni ni kanuni. Alikuwa amefika mstari wa nne alipoona mkono ukigonga meza mbele yake. Aliinua uso. Shamsa, aliyekuwa amesimama upande wake wa kushoto, sasa alikuwa amezunguka mbele.

"Mama Precious, nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa naandika."

"Baba yangu naye alikuwa akisema hivyohivyo," Shamsa alijibu, bila jeuri. "Mara, 'nilikuwa nawaza.' Mara, 'nilikuwa nimesinzia.' Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mama alidhani anamdharau, wakagombana sana. Leo hasikii hata adhana, na msikiti uko ng'ambo ya barabara."

Kalamu ilisimama. Kwanza Paskazia alipandwa na hasira. Hasira ilipopita, ikabaki hofu.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi sijamwambia mtu, mama."

"Umejuaje? Niko na watu hawa miaka kumi na minne, wewe una wiki mbili."

"Nimekulia nyumbani kwa mtu wa namna hiyo. Nikikuona unavyogeuza shingo, namwona baba."

Paskazia aliitazama fomu, kisha akamtazama binti. "Hata hivyo, pamba ni kosa. Ikidondoka kwenye samaki, tutafungua katoni zote tena, na safari hii huenda mnunuzi akatukimbia kabisa. Watu wangapi watakosa ugali?"

"Nimekosa, mama. Niliogopa kuwa kama baba, nikakosa subira." Shamsa alifuta machozi kwa kiganja. "Lakini si kila kizibo kinapotea. Kule kiwandani kwao, baba alipokwisha kuharibika masikio, waliletewa vizibo vilivyoungwa kwa uzi, viwili pamoja. Kikitoka sikioni kinaning'inia shingoni."

Paskazia hakuichana ile fomu. Aliikunja, na asubuhi yake akaipeleka mwenyewe kwa Bwana Suhaib. Alipofika mlangoni alipiga moyo konde, akaeleza yote: pamba ya Shamsa, na sikio lake mwenyewe.

Meneja aliikunjua ile fomu, akaisoma. "Kwa hiyo wiki iliyopita nilipokuagiza barafu iongezwe kwenye ghala la pili, ukaniitikia ndiyo..."

"Sikusikia, bosi."

"Nami nikakuona mzembe." Alivua miwani, akafuta vioo ambavyo havikuwa na uchafu. "Mama Precious, mimi ndiye niliyepiga marufuku. Nililinda samaki. Sikufikiria masikio." Kisha akarudi kuwa meneja. "Sikiliza. Nileteeni kizibo ambacho hakiwezi kusafiri pamoja na samaki, nami nitaondoa marufuku. Mna wiki moja. Mkishindwa, mambo yabaki kama yalivyo, na kosa la huyo binti litafuata mkondo wake. Na asidhaniwe kuwa ndugu yangu. Siku ile nilimkuta tu getini amepotea njia."

Paskazia aliona haya. Jumamosi hiyo alimchukua Shamsa wakaenda Igoma, kwa Bashiru, muuza vifaa vya kazi: buti za mpira, glavu, kofia ngumu na miwani ya wachomeleaji. Walipomweleza shida yao, Bashiru aliwapangia juu ya kaunta aina tatu za vizibo vyenye uzi. Vya kwanza vilikuwa vya sponji ya manjano. Vya pili vilikuwa vya mpira mweupe. Vya tatu vilikuwa vya mpira wa bluu, na bei yake ilikuwa juu kidogo.

"Kwa nini bluu?" Paskazia aliuliza.

"Mama, umewahi kuona sangara ana kiungo cha bluu?" Bashiru alicheka. "Na humu ndani mna punje ya chuma. Mashine yenu ya kunasa vyuma si ipo? Basi ijaribuni."

Waliijaribu Jumatatu, meneja akiwa amesimama mbele kama hakimu. Kizibo cha manjano kilifichwa chini ya minofu, katoni ikapita kwenye mkanda kimya kimya. Cheupe nacho kilipita, na kibaya zaidi, katoni ilipofunguliwa Bwana Suhaib alikitafuta kwa muda mrefu, maana rangi yake na ya mnofu zilikuwa kitu kimoja. Kikafuata cha bluu. Katoni haikufika hata katikati, mashine ikapiga yowe na mkanda ukasimama. Ukumbi mzima ulipiga makofi, glavu zilizolowa zikirusha maji.

Lakini Ndalahwa, mwendeshaji wa mashine ya kuchuna ngozi, hakupiga makofi. Alikuwa Msukuma mrefu asiyependa maneno mengi. Aliuchukua ule uzi, akauzungusha kidoleni.

"Huu ukinaswa na meno ya mashine yangu, utakwenda na shingo," alisema. "Mnaniokoa masikio mnichukue kichwa?"

Paskazia alijua Ndalahwa amesema kweli. Shamsa ndiye aliyesogea. Aliupitisha uzi nyuma ya shingo ya Ndalahwa, akauingiza ndani ya kola ya koti lake jeupe, akafunga kifungo cha juu. Mbele pakabaki peupe. "Sasa vuta, kaka," alisema, akimwonyesha kipande kidogo kilichobaki chini ya sikio. Ndalahwa alivuta kwa nguvu zake zote. Uzi ulichomoka kwenye kizibo, naye hakupata hata mkwaruzo.

"Na kizibo kikianguka?"

"Mashine ya kunasa vyuma itakikamata."

Ndalahwa alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali. Wakakubaliana tena mambo mawili: vinunuliwe vya saizi mbili, kwa kuwa Rebeka na kinamama wengine wa ukumbini wenye matundu madogo ya masikio walilalamika kuumia, na kila mtu ahesabiwe vizibo vyake anapoingia na anapotoka. Bwana Suhaib akatia saini. Shamsa alipewa onyo la mdomo kwa ile pamba, na Paskazia mwenyewe ndiye aliyelitoa, mbele ya watu, kisha mbele ya watu haohao akamwomba radhi kwa kumdhania vibaya.

Siku ya nne ya kuvaa vizibo, Rebeka alipiga chafya akiwa ameinamia sinia la minofu. Kizibo kikamtoka. Wote waliokuwa karibu waligeukia sinia. Kizibo hakikufika kwenye sinia. Kilining'inia kando ya shingo yake, kikichezacheza. Rebeka aliinua mkono, akatoka kwenda kunawa na kubadilisha, na kazi ikaendelea. Hakuna katoni iliyofunguliwa.

Mwezi uleule meneja aliwapeleka wafanyakazi wa ukumbi hospitalini kupimwa masikio, zamu kwa zamu. Daktari alimkagua Paskazia kwa muda mrefu, akamwambia bila kumficha kwamba kilicholiwa na kelele hakirudi. "Lakini si yote ni kelele," aliongeza. "Una nta iliyoganda na uvimbe wa siku nyingi. Hivyo tunavitibu." Walimtibu kwa wiki tatu. Alipotoka hospitalini mara ya mwisho, alisikia kitu kikikwaruza nyuma yake, akageuka kutazama ni nani anayemfuata. Zilikuwa ndala zake mwenyewe. Alicheka peke yake barabarani hadi wapita njia wakamshangaa.

Jioni hiyo Precious alikuwa jikoni akiosha vyombo na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Mama yake alisimama mlangoni akimsikiliza. Yule binti alipomwona alinyamaza.

"Endelea," Paskazia alimwambia. "Ubeti wa pili umeuruka."

Precious aliiacha sufuria kwenye maji, akaja kumkumbatia mama yake kwa mikono yenye povu. Usiku huo walizungumza kama watu waliokutana baada ya safari ndefu.

Mkataba wa Shamsa uliongezwa, lakini Paskazia aliona deni la shukrani haliishi kwa karatasi. Jumapili moja baada ya misa alinunua mchele, sukari na doti ya khanga, akapanda kivuko cha Kamanga pamoja na Shamsa, wakaenda Sengerema. Mzee Bilali walimkuta barazani akikaza spoki za baiskeli. Paskazia alipiga magoti kama walivyomfunza kwao.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliona midomo ikisogea, akaitikia kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachosema. "Marahaba, mama! Karibu! Ni wewe unayemsimamia mwanangu? Ahsante sana kwa kumpokea. Nilikuwa na wasiwasi, mtoto anakwenda ugenini, hana mtu. Mmemtunza. Mungu awabariki."

Paskazia alitikisa kichwa kukataa. Alitaka kueleza mambo ya vizibo, ya daktari, ya Precious na ya watu themanini wa ukumbi ule watakaozeeka wakiwasikia wajukuu zao, lakini maneno mengi hivyo yasingemfikia mzee. Akaishika mikono ya mzee yenye mafuta ya mnyororo, akasogea mahali ambapo angemwona vizuri, akasema polepole, neno kwa neno:

"Mgeni njoo..."

Mzee Bilali alimkazia macho midomoni. Kisha uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu, akamtazama binti yake aliyesimama kando na furushi la mchele, akamalizia mwenyewe kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara:

"Mwenyeji apone!"