Bunduki Iliyouliza Jina

Katika zama za Sultani Ghalibu, mtawala wa mji wa Shamsani, wezi walizidi hata watu wakawa wanalala na viatu miguuni, na mfua makufuli mmoja, jina lake Nasibu, akamfungua jini aliyekuwa mfungwa ndani ya kufuli la kale, na jini yule kwa shukurani akamtunuku bunduki. Ilitundikwa juu ya mlango, na kila aliyekanyaga kizingiti ilimwuliza, "Nani?" Aliyetaja jina lake alipita, na aliyenyamaza ilimpiga, wala haikumtii mtu isipokuwa mwenye nyumba.

Mkewe, Bi Thuwaiba, aliicheka. "Bwana wee, ina adabu kuliko mawifi zangu. Angalau inauliza kabla ya kuumiza."

Habari zikamfikia Sultani, zikampendeza, na jini akaamriwa kutoa bunduki kwa kila nyumba, na wezi wakatoweka, na Nasibu akapewa kiti cha mbele barazani.

Basi ilikuwa desturi ya Shamsani kwamba atokaye msibani hasemi neno mpaka aoshe miguu ndani ya nyumba yake. Alasiri moja, katika msiba wa kwanza tangu bunduki zitundikwe, Bi Thuwaiba alikuwa wa kwanza kurejea kutoka kumlilia shoga yake, na Nasibu, aliyekuwa uani akichonga ufunguo kwa tupa, alizisikia ndara zake kizingitini, kisha akasikia, "Nani?"

Alifumbua kinywa amjibie. Mlio ukamtangulia.

Alimkuta ameanguka mlangoni, ndara moja mguuni, midomo imefumbwa kama desturi ilivyotaka.

Barazani waziri Kahtani akasema, "Mola amrehemu. Lakini bunduki haikukosea, bwana wetu. Iliuliza, naye hakujibu. Tukizishusha, wezi watarudi kesho."

"Kweli kabisa," wakasema wengi.

"Bwana wangu," akasema Nasibu, "sina maneno ya kumshinda waziri. Naomba tu mje mnisaidie kumzika, wewe na wanaume wote wa mji."

Wakaja, wakamzika, wakarudi kimya. Na Nasibu, akipita njiani, akawaona wamesimama, kila mmoja mbele ya mlango wake, hakuna aliyethubutu kuingia. Binti mdogo wa waziri alichungulia akauliza, "Baba, mbona huingii?" naye Kahtani, jasho likimtiririka, akamwashiria asisogee.

Sultani alikuwa amekwisha kukanyaga kizingiti cha kasri.

"Nani?"

"Ghalibu," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa nyembamba, na watu wakainamisha vichwa, kwani hapakuwahi kutokea mtawala aliyeivunja desturi ile. Kisha akageuka. "Kila mtu aiamuru yake ishuke. Leo hii."

Zikashuka, na jini akazikumbatia zote akarudi nazo ndani ya kufuli, na Nasibu akalifunga kwa mkono wake.

Sultani akampa hazina, na akamposea mpwa wake.

"Ahsante, bwana wangu," akasema Nasibu. "Nilikwisha kuoa."

Akarudi kwenye makufuli yake. Na wezi nao walirudi, kama alivyosema waziri, wakaiba masufuria na zulia la msikiti, na baadhi yao wakakamatwa. Na watu wa Shamsani wakanunua masufuria mengine, na waliotoka msibani wakaingia majumbani mwao kimya, wakaosha miguu.