Oili Iliyoongezeka Yenyewe

Ndugu zangu, wekeni vitabu pembeni kidogo. Asubuhi hii nataka tupande boti.

Si boti kubwa. Ni ya mbao, ya tanga, na ndani yake imefungwa injini ya dizeli ya kusaidia siku upepo unapogoma. Ilivusha watu kutoka kisiwani hadi mjini, safari ya saa tatu. Nahodha wake alikuwa mlokole wa kweli kweli, na alikuwa na ushuhuda uliojulikana kisiwa kizima. Kwa miezi mitatu hakuwa ameongeza oili kwenye injini ile, hata kikombe kimoja. Na kila alipochomoa kijiti cha kupimia, oili haikuwa imepungua. Ilikuwa imepanda. Jumapili moja akasimama kanisani akasema, "Wenzangu, injini zenu zinakula oili. Yangu, Mungu anaijaza." Kanisa likapiga makofi. Mimi ningepiga. Wewe je, usingepiga?

Dumu la oili alilokuwa amenunua likabaki botini limefungwa vilevile, likawa kiti cha abiria aliyekosa nafasi.

Basi siku moja abiria walikuwa saba, wote wazee, wote hawaoni. Mtoto wa jicho. Daktari wa macho alikuwa amekuja hospitali ya mjini kwa wiki moja tu, na hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Saa nane mchana anaacha kupokea wagonjwa, na kurudi kwake ni mwaka mwingine. Kati ya wale saba alikuwemo bibi mmoja ambaye kwa miaka minne amewajua wajukuu wake kwa kuwapapasa vichwa. Wawili kati yao hakuwahi kuwaona kabisa.

Wakaondoka saa moja asubuhi. Upepo hakuna. Ziwa limelala, tanga limelala. Injini ikanguruma, na kwa robo saa kila kitu kikawa sawa. Kisha, injini ilipopata moto, mshale wa geji, kile kipimo cha presha ya oili, ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, ukaingia kwenye rangi nyekundu.

"Nahodha, presha imeanguka," fundi wa boti akasema. "Tuzime."

"Hiyo geji ni mbovu."

"Juzi pia ulisema hivyo."

"Na leo nasema tena. Chomoa kijiti uone mwenyewe."

Fundi akachomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu.

"Umeona? Imejaa. Injini iliyojaa oili itakosaje presha?" Nahodha akatoa kitambaa chake cha kufutia jasho, akaifunika ile geji. "Usiwatishe abiria."

"Abiria hawaoni, Nahodha," fundi akamjibu. "Unamfunikia nani?"

Ndugu zangu, swali hilo lilimchoma. Aligeuza boti.

Waliporudi gatini kisiwani fundi akaazima geji nyingine kwenye boti ya jirani, nzima, iliyokuwa ikitumika siku ileile. Akaifunga mahali pa ile ya kwanza. Wakawasha, wakasubiri injini ipate moto. Mshale ukashuka mpaka palepale. Geji mbili, jibu moja. Saa tatu ilikuwa imepita, na mzee mmoja akaanza kutafuta fimbo yake ili ashuke, akisema, "Hatutawahi. Turudisheni nyumbani."

Ndipo yule bibi akauliza, "Nahodha yuko wapi?"

"Niko hapa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Oili umeongeza lini?"

"Miezi mitatu sijaongeza, bibi. Inaongezeka yenyewe."

"Yenyewe."

"Mungu anaijaza."

"Mungu namjua," bibi akasema. "Hicho kijiti ndicho nisichokijua. Kilete hapa."

Akakishika, akasugua oili kati ya vidole viwili, akanusa. Akanusa tena. Akacheka taratibu, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani sokoni.

"Mwanangu, nimeendesha mashine ya kusaga mahindi miaka ishirini na sita, mpaka macho yaliponikatalia. Ilikuwa injini ya dizeli kama hii yako. Sasa nisikilize. Nusu ya hii si oili, ni dizeli. Ndani ya pampu inayovuta dizeli kuna kiwambo cha mpira. Kimetoboka, dizeli inadondokea kwenye oili. Ndiyo maana oili inapanda, na ndiyo maana mshale unashuka, kwa sababu oili imekuwa nyepesi kama maji, haina nguvu ya kushika vyuma. Tungefika katikati ya ziwa vyuma vikasagana, injini ikanoki, isiwake tena, na sisi tukakaa huko tukisubiri upepo."

Nahodha akakaa chini. Alikaa juu ya lile dumu.

"Bibi, nimeishuhudia oili hii kanisani."

"Basi imwage. Kisha utashuhudia tena."

Wakaimwaga kwenye ndoo. Ilitoka nyeusi na nyepesi, inachuruzika kama chai. Pampu nyingine kisiwani haikuwepo, na nahodha alipotaka kukata tamaa bibi akamkatiza: "Pampu ya nini? Tungikeni galoni ya dizeli juu ya injini, mshushe bomba la mpira kutoka hapo. Dizeli itateremka kwa uzito wake. Mashine yangu ilisaga hivyo msimu mzima." Fundi akaitenga ile pampu, akaunga mpira, akatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Nahodha mwenyewe akavunja kifuniko cha lile dumu la miezi mitatu, akamimina oili safi kwa mikono yake. Wakawasha.

Fikirieni picha hiyo. Wazee saba wameelekeza nyuso zao kwenye geji wasiyoweza kuiona.

"Mshale unasemaje?" bibi akauliza.

"Umepanda."

"Injini ikipata moto niambie."

Wakangoja. Robo saa.

"Imepata moto, bibi. Mshale haujatikisika."

Yule mzee mwenye fimbo akaanzisha wimbo, wenzake wakaudaka. Waliimba wakitoka gatini, waliimba wakipita katikati ya ziwa, walikuwa bado wanaimba walipouona mji, yaani, fundi alipouona akawaambia. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Saba waliondoka kisiwani, saba wakapokelewa.

Siku ya tatu walirudi kwa boti ileile. Bibi alipopanda hakutaka mtu amshike mkono. Kabla ya kukaa akasema, "Nionyesheni huo mshale." Wakamwonyesha. Akainama, akautazama muda mrefu, kisha akamgeukia nahodha.

"Kitu kidogo hivi," akasema, "ndicho ulichokiogopa mpaka ukakifunika?"

Sasa tujitazame sisi.

Sisi tunapenda kinachoongezeka. Wanaotusifu wakiongezeka, tunasema ni baraka. Sauti yetu ikivuma, tunasema ni baraka. Hatuulizi kimetoka wapi, hatukinusi. Ni lini mara ya mwisho ulimimina kitu ndani yako kwa mkono wako mwenyewe? Sala ambayo hakuna aliyeisikia. Msamaha ulioupeleka nyumbani kwa mtu, ukabisha hodi. Hukumimina, lakini umejaa. Umejaa nini?

Na kumbukeni mshale ule ulishuka lini. Injini ikiwa baridi haukushuka. Hapa kanisani sisi sote tuko baridi, mishale yetu iko juu, tunapendeza. Jumatatu tukipata moto, mteja akitukera, mtoto akivunja sahani, ndipo mshale unashuka. Nyumbani kwako yupo aliyeuona. Amekuambia, "Siku hizi ukikasirika unatisha." Wewe umemwambia ni mbovu yeye. Umemfunika kitambaa gani?

Lakini sikuwaleta ziwani ili mzame. Injini ile haikuwa imekufa. Oili safi ilikuwa mlemle botini, nahodha ameikalia. Aliyejua dawa alikuwa mlemle, ameketi kati ya wale waliodhaniwa kuwa mzigo. Na Jumapili iliyofuata nahodha alisimama tena kanisani, akasema, "Nilimshukuru Mungu kwa oili iliyopanda. Leo namshukuru kwa mshale ulioshuka." Wanasema siku hiyo makofi yalichelewa kidogo, kisha hayakukoma.

Ondoa kitambaa, ndugu yangu. Imwage, hata kama uliishuhudia. Inuka juu ya dumu ulilolikalia, livunje kifuniko, mimina. Daktari hajafunga mlango. Saa ingalipo, na ng'ambo tunafika.